Oktoba milimani Colorado: tunayoambiana na yaliyo kweli

"Sisi tumetoka nchi ya Kilimanjaro, milima ya Colorado itatufanya nini?"

Kila mwaka, majani yakishaanza kupukutika na vituo vya skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, bado havijafunguliwa, tunakusanyana watu sita saba wa Denver na Aurora tukapande mlima. Kauli hiyo husemwa garini hata mji haujaisha. Naipenda fahari iliyomo. Ila wengi wetu Kilimanjaro tumeutazama tu kutoka Moshi, na aliyeupanda alipewa siku tano, sita au zaidi, na mwongozaji wa kumwambia "pole pole" kutwa nzima. Hapa mtu analala Denver, mita 1,609, na kesho yake saa sita mchana anataka awe kileleni Mount Bierstadt, zaidi ya mita 4,280. Mwili haujapata nafasi ya kuizoea hewa nyepesi. Mazoezi nayo si kinga: kijana anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi anaweza kuumwa kichwa na kutapika, na mama wa makamo anayekwenda taratibu akafika salama. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usiendelee kupanda. Hali ikizidi, shuka.

"Baridi inayoua ni ya theluji."

Hii ndiyo naiogopa kuliko zote. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yumo hatarini, na hilo hutokea hata hewa ikiwa nyuzi 8 au 10, mradi ameloa na upepo unavuma. Vuli ya huku imejaa siku za namna hiyo. Asubuhi mnaegesha gari jua linawaka, watu wanavua makoti na kuyaacha kwenye buti. Kila mita 1,000 mnazopanda zinapunguza nyuzi kama 6, na mchana mawingu yanafunga.

Mwaka juzi mwenzetu mmoja alipanda na jinzi na sweta la pamba. Jasho lilimloanisha njiani. Tulipofika kwenye mgongo wa mlima tukakaa kula, upepo ukamkuta hivyo hivyo. Haikupita nusu saa akawa anashindwa kufunga zipu. Tukimwuliza, anasema yuko sawa, lakini maneno yanatoka kwa kuburuzika. Tulimvua nguo zilizoloa, tukamvisha sweta kavu la sufu, tukamnywesha chai yenye sukari nyingi, tukateremka naye katikati yetu. Pamba ikiloa haikauki upesi, inabaki imegandia ngozi na kulifyonza joto lake. Sufu hata ikiwa na unyevu husaidia. Na hili wengi hawalijui: anayetetemeka akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hajapona, amezidiwa. Mwenyewe hatambui, kwa sababu hata fikra zimeanza kufifia. Jicho la rafiki ndilo linaloona kwanza, na ndiyo maana sikubali mtu wetu apande peke yake mwezi huu.

Kile kichupa cha pombe kali "cha kupasha mwili" kibaki nyumbani. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, basi unahisi moto huku joto la ndani linakutoka. Halafu kuna hadithi kwamba nusu ya joto la mwili hupotea kupitia kichwani. Ilitokana na majaribio ya jeshi la Marekani, ambapo watu walivishwa mavazi mazito ya baridi kali wakaachwa vichwa wazi; lazima joto lingepotelea huko. Kwa kweli kichwa hupoteza kama sehemu moja ya kumi. Kofia vaa, lakini haitakuokoa na fulana iliyoloa.

"Majani hugeuka dhahabu kwa sababu ya baridi."

Hasa ni kwa sababu siku zinafupika. Rangi ya kijani huvunjika, na ile njano iliyokuwemo tangu mwanzo ikaonekana. Ukienda Kenosha Pass mwishoni mwa Septemba, simama kimya usikilize miti ya aspen ikitikisika: kikonyo cha jani lake ni bapa, upepo mdogo tu unalichezesha. Kufupika huko kwa siku kuna upande wa pili. Mwanzoni mwa Septemba jua huzama kama saa moja u nusu. Saa zikisharudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kila mtu abebe tochi yake ya kichwani, hata kama mmepanga kurudi mchana.

"Maporomoko ya theluji ni ya Januari."

Tarehe 7 Oktoba 2017, huko Montana, mtelezaji mmoja wa skii aliuawa na maporomoko kwenye Imp Peak. Mlima haungoji lifti za vituo vya skii zifunguliwe. Tena theluji ya Oktoba ina ubaya wake: kwenye miteremko isiyopata jua haiyeyuki, na usiku wa baridi unaigeuza kuwa chembe zisizoshikana, kama sukari. Theluji ya Desemba inakuja kulala juu ya tabaka hilo bovu. Ukikuta mteremko mkali wenye theluji, geuka.

Wawindaji wenye bunduki nao huingia misituni Oktoba. Wao sheria inawalazimisha kuvaa rangi ya chungwa kali au waridi. Sisi watembeaji haitulazimishi. Tunavaa hata hivyo.

"Kupanda kutanipa miguu ya skii."

Kushuka ndiko kunakokupa. Unaposhuka, misuli ya mapaja inavutwa huku inabeba uzito, kama kwenye skii. Basi usiteremke mbio kuliwahi gari.

"Usipige 911, watakuletea bili ya maelfu."

911 ndiyo namba ya dharura ya huku, na hofu hii naijua, wengi wetu tunayo. Hapa Colorado vikosi vya uokoaji milimani ni vya watu wa kujitolea, na havitozi aliyeokolewa. Gari la wagonjwa na helikopta ya hospitali ndivyo huleta bili, na hayo ni mambo mengine kabisa. Kungoja giza liingie kwa kuogopa gharama kunawapa waokoaji hao kazi ngumu mara mbili. Simu ikikataa, tuma ujumbe mfupi kwa 911: mara nyingi hupita pale sauti inapokwama. Eleza mko wangapi, nani kaumia, njia gani. Kisha ifiche simu ndani ya koti, karibu na kifua, maana baridi hula betri, na msiondoke hapo mlipo.