Je, wajua kwa nini BBC haionyeshi matangazo ya biashara Uingereza?

Ukifungua habari za BBC za Kiingereza ukiwa Nairobi au Muscat, huenda tangazo la benki au la shirika la ndege likakupokea kabla ya habari yenyewe. Ukiwa London, hulioni. Kule kaya zinazotazama televisheni hulipa ada ya leseni kila mwaka, na ada hiyo ndiyo nguzo ya mapato ya BBC.

Mwaka 1985 nguzo hiyo ilitikiswa. BBC ilitaka ada ipande hadi pauni 65. Serikali ya Margaret Thatcher ikaipa 58, kisha mwezi Machi ikaunda kamati ichunguze kama shirika lingeweza kujiendesha kwa matangazo. Mwenyekiti alikuwa Alan Peacock, profesa wa uchumi na muumini wa soko huria. Mjumbe mmoja, Samuel Brittan wa gazeti la Financial Times, alikuwa kaka yake Leon Brittan, waziri wa mambo ya ndani aliyeiteua kamati yenyewe. Watu wengi waliona jibu limeshapangwa.

Ripoti ilipotoka Julai 1986, ilikataa matangazo. Wala haikuwa kwa kuihurumia BBC. Kwa hoja ya Peacock, matangazo si soko la kweli la vipindi: anayelipa ni muuza sabuni, na anachonunua ni idadi ya watu. Anayekipenda kipindi kwa dhati na aliyesinzia mbele ya televisheni huhesabiwa sawasawa. Tena BBC ingegombania fedha zilezile na ITV, mtandao wa kampuni za televisheni za mikoa uliokuwa ukiishi kwa matangazo, na wote wangekimbilia vipindi vya kuvuta umati. Soko la kweli lingekuwa mtazamaji kulipia mwenyewe anachokitaka, ila mitambo ya kuwezesha hilo ilikuwa haijaenea. Ndiyo maana kamati ikapendekeza televisheni mpya ziwe na tundu la kuchomeka king'amuzi. Mwaka 1986! Anayenunua kifurushi cha mwezi Dar es Salaam leo angemwelewa profesa bila kufafanuliwa.

Kwa wakati huo, kamati ilishauri, ada ibaki, ikipanda kwa kufuata mfumuko wa bei. Serikali ilikubali.

Pigo likaishia kwa ITV. Baadhi ya wajumbe walipinga, lakini walio wengi walitaka leseni za kampuni zake zipigwe mnada, na sheria ya utangazaji ya 1990 ikaruhusu. Mnada wa 1991 ulikuwa kituko. Kampuni ya Central, iliyokosa mshindani, ilipata leseni kwa pauni 2,000 tu kwa mwaka; Yorkshire iliahidi zaidi ya milioni 37. Thames, kampuni kubwa ya London, iling'oka. Iling'oka pia TV-am ya asubuhi, kipenzi cha Thatcher, ambaye tayari alikuwa nje ya madaraka. Alimwandikia mkuu wa TV-am, Bruce Gyngell, barua ya masikitiko kwa matokeo ya sheria iliyopitishwa na serikali yake mwenyewe.

Kampuni ndogo za kutengeneza vipindi ndizo zilizovuna. Kamati ilipendekeza zipewe asilimia 40 ya vipindi vya BBC na ITV. Sheria ikazipa 25, na zikashamiri.

Hati ya kifalme, inayoipa BBC uhai wake kisheria, inaisha mwishoni mwa 2027, na ada ya leseni imerudi mezani. Safari hii hakuna anayeweza kusema mitambo bado.