“Ami, gia haisikii mguu”

Jumamosi moja binti wa miaka 9 alisimama mlangoni mwa karakana yangu huku Utange, Mombasa, kofia kaikumbatia kifuani, viatu vya motokrosi vimemfika magotini. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha akasema: “Ami, gia haisikii mguu.” Babake, aliyeileta pikipiki kwa pikapu kutoka Mtwapa, alikuwa na maelezo mengine. “Fundi, giaboksi imekufa hiyo. Nilikokwenda kwanza nimeambiwa injini ipasuliwe.”

Nimetengeneza pikipiki miaka mingi, za boda siku za kazi na hizi ndogo za watoto mwisho wa wiki. Kati ya maelezo hayo mawili nililishika la mtoto. Yeye hakusema imekufa, alisema haisikii mguu, nami nikaanza na mguu.

Niliipandisha pikipiki kwenye stendi, nikamwambia apande na viatu vyake vilevile, ashike usukani kama anayekwenda, kisha ainue leva, kile chuma cha mguuni cha kubadilishia gia. Nikachuchumaa kando yake nitazame. Ncha ya kiatu haikupita chini ya leva. Iliigonga ubavuni, ikateleza, ikaigonga tena. Alipolazimisha, kisigino kilibanduka kabisa kwenye kikanyagio na leva ikapanda nusu tu ya safari yake. Babake alikuwa ameijaribu mwenyewe kiwanjani akiwa na champali, na kwa champali gia zote ziliingia. Hapo ndipo alipoona kwamba ugonjwa uko ndani na unakuja ukipenda. Kumbe leva ilikuwa imepinda siku mtoto alipoanguka, na aliyeinyoosha akairudisha imeinama kuliko ilivyokuwa. Kiatu cha motokrosi cha mtoto ni kigumu na kinene, hakina habari na nafasi inayoutosha mguu wa mtu mzima aliyevaa champali.

Kuirekebisha ni kazi ya dakika tano. Leva imeshikwa na bolti moja, nyingi zake ni za spana namba 10. Itoe bolti yote, usiilegeze tu, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi hupita kwenye mfuo wa shafti, ule mhimili wenye meno unaovishwa leva, na mtu asiyejua huigonga leva kwa nyundo akidhani imeganda. Ivute, ipandishe jino moja, irudishe, mwambie mtoto ajaribu. Yake nilipandisha meno mawili. Angalia pia kama leva inachezacheza kwenye meno ya shafti hata bolti ikiwa imekazwa. Ikicheza, nunua nyingine leo. Leva ni spea ya bei ndogo, lakini ukiiacha itayala meno ya shafti, na shafti ya gia haitoki bila kufungua injini. Hakikisha vilevile kwamba haigusi kifuniko cha injini inapopanda na kushuka. Leva iliyopinda kwa ndani hukwama pale pale kila mara, na ukiangalia utaona alama inayong'aa mahali inapokwaruza.

Sasa niseme kwa nini mkanyago wa nusu unaharibu mambo kiasi hicho, kwa sababu wazazi wengi wanadhani pikipiki isiyo na klachi ya mkono haina klachi, yaani kile kinachounganisha na kutenganisha injini na gia.

Kwanza ujue uliyo nayo. Yamaha PW50 haina gia za kubadilisha, ni moja tu, kwa hivyo ikigoma kwenda usitafute tatizo la gia. Honda CRF50F ina gia 3, CRF110F ina 4, na nyingi ya hizi za Kichina za cc 110 tunazoziona hapa Mombasa zimeiga injini ya Honda ya silinda iliyolala, ile ya familia ya Super Cub iliyoanza mwaka 1958. Hizi hazina klachi ya mkono. Kawasaki KX65 ni jamaa wa aina nyingine, ina gia 6 na klachi ya mkono, na nitaigusia mbele.

Kwenye hizi zisizo na klachi ya mkono, klachi hubana yenyewe injini inapozunguka kasi na kuachia inapozunguka polepole. Lakini pikipiki ikiwa inakwenda, kuna kazi nyingine inayofanywa na leva yenyewe. Sehemu ya kwanza ya safari ya leva hufungua klachi. Sehemu inayofuata huzungusha ngoma ya gia. Ngoma ina mifereji, ndani ya mifereji zinapita uma, na uma husukuma gia pembeni mpaka meno yake yakamate ya jirani. Mtoto akiishia nusu, klachi imefunguka nusu, ngoma imezunguka nusu, na meno yanagongana bila kukamatana. Ule mlio unaoutia baridi mgongo ndio huo. Akiendelea kuikandamiza leva bila kuiachia, klachi hubaki wazi, injini hulia na pikipiki haisongi. Na akiiachia ghafla huku gesi imefunguliwa, pikipiki huruka mbele, pengine gurudumu la mbele likanyanyuka. Hapo mtoto huanza kuiogopa gia, na mtoto anayeogopa gia huikanyaga kwa woga, nusu nusu, tatizo likazidi. Hili linaniuma, kwa sababu nimeona watoto wakiacha pikipiki kabisa na kuambiwa hawana kipaji.

Kwa hiyo mfundishe hivi, pikipiki ikiwa imesimama stendini na injini imezimwa: funga gesi, inua leva kwa pigo moja mpaka mwisho, iachie kwa upole, fungua gesi. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono huku yeye akibadilisha. Gia za pikipiki nyingine hazipendi kuingia magurudumu yakiwa yamesimama tuli, meno yakiwa yamekabiliana uso kwa uso. Gurudumu likizunguka kidogo zinaingia bila neno. Zoezi hilihili ni kipimo pia. Gia zote zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na gurudumu linazunguka, basi uma na ngoma zina nafasi kubwa ya kuwa salama, na unayemtafuta ni klachi, oili au mguu.

Binti alipopandishiwa leva alizunguka kiwanja mara nne akicheka. Mzunguko wa sita akarudi: gia ya tatu inakataa, na mwanzo haikukataa. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtoto: inakataa ikiwa baridi au ikishapata moto? Akafikiri. “Ikishapata moto, ami. Na nikiiingiza inanirusha.” Jibu hilo linanitosha kwenda moja kwa moja kwenye skrubu ya klachi.

Kwenye injini za aina hii skrubu iko kwenye kifuniko cha upande wa kulia, katikati ya nati yake. Shika skrubu kwa bisibisi, legeza nati kwa spana ringi bila kuiacha skrubu izunguke nayo. Kisha, kwenye Honda na zilizoiga mtindo wake, zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja, usizidishe. Sasa irudishe kushoto polepole, kwa vidole na si kwa nguvu ya kiwiko. Mwanzoni itakuwa nyepesi, haina kitu. Halafu utahisi imegusa, kama kisu kinapopita kwenye nyama ya embe kikafika kwenye kokwa. Simama hapo hapo. Rudi kulia robo ya mzunguko au nusu ya robo, ishike isisogee, kaza nati. Pikipiki ya mtindo mwingine ifuate kitabu chake, kwa maana si zote zinazungushwa upande huohuo.

Nafasi ikiwa kubwa mno, leva itazungusha ngoma kabla klachi haijaachia vizuri: gia ngumu, mlio, pikipiki kuruka. Ikiwa ndogo mno, klachi haitabana sawasawa, injini italia bila pikipiki kuongeza mwendo, na pleti za klachi zitaungua. Yake ilikuwa kubwa mno. Nafikiri aliyeinyoosha leva aliigusa na skrubu hiyo akitafuta dawa ya ugonjwa ambao haukuwa hapo.

Kabla ya kuigusa skrubu hiyo, lakini, sikiliza injini inavyonguruma bila gesi, pikipiki ikiwa imesimama. Ikizunguka juu sana, klachi inakuwa imeshaanza kubana, pikipiki inasukuma mbele hata mtoto hajafungua gesi, nyutro haipatikani na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Punguza kwa skrubu ya mzunguko kwenye kabureta, injini ikiwa imepata moto.

Oili nayo. Klachi hizi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini na giaboksi, kwa hivyo oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, hiyo ni alama ya oili ya pikipiki ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili. Injini hizi ndogo hazinywi hata lita moja, sioni sababu ya kubana pesa hapo. Unapoimwaga, tazama ncha ya bolti ya chini. Ujivu laini kama masizi ni wa kawaida. Vipande vinavyometa kama magamba ya samaki si vya kawaida, na ukiviona usimruhusu mtoto apande tena mpaka injini ifunguliwe.

Cheni iliyokazwa mno watu huisahau. Ikivutwa kama uzi wa gambusi inaivuta shafti ya nje ya giaboksi na gia zinakuwa nzito, hasa pikipiki inapobonyea kwenye shimo. Kitabu cha pikipiki kina kipimo chake.

Kwa wenye klachi ya mkono, kama hiyo KX65, anza na waya. Acha milimita 2 au 3 za ulegevu pale leva ya mkononi inapokutana na kishikio chake. Bila ulegevu klachi inateleza, ukizidi haifunguki. Na hapa kwetu waya una adui wa ziada. Hewa ya bahari inafika mpaka ndani ya ala ya waya, na pikipiki iliyokaa miezi ya mvua bila kuguswa, iwe Nyali au Likoni, waya wake huwa umekauka na kushika kutu. Mtu mzima haoni tofauti, mtoto wa miaka 8 hawezi kuuvuta mpaka mwisho. Ukiuvuta ukahisi unakwaruza, ubadilishe. Chumvi hiyohiyo, pamoja na vumbi la matumbawe la viwanja vyetu, hujaa kwenye kifuniko cha sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, na kuizunguka shafti ya gia. Fungua kifuniko hicho, kisugue kwa brashi na maji ya ndoo. Mashine ya kuoshea magari iweke mbali, inasukuma maji na mchanga kwenye sili ya shafti.

Ukishafanya hayo yote na gia bado ina matatizo, ndipo tuzungumze habari za ndani. Leva ikining'inia, hairudi yenyewe katikati, springi yake ya kurudisha imekatika au imetoka mahali pake. Gia ikiingia vizuri kisha ikachomoka yenyewe mtoto anapofungua gesi, kwanza mtuhumu mkono mdogo wenye rola unaoishikilia nyota ya ngoma, na bolti ya nyota yenyewe, ambayo kwenye injini za bei nafuu nimeikuta imelegea mara nyingi. Vyote viwili viko nyuma ya klachi upande wa kulia. Ni kazi ya fundi, gasketi mpya na gundi ya bolti, ila injini haipasuliwi vipande viwili. Ikiwa hapo ni pazima na bado gia inachomoka, meno yamekuwa mviringo au uma umepinda, na hapo ndipo maneno ya kupasua injini yanapokuwa ya kweli.

Niongeze onyo moja kwa wanaobadilisha injini nzima kwa sababu ya gia. Zipo injini zenye gia za mzunguko, ambapo baada ya gia ya juu kabisa ukiendelea unaangukia nyutro, kisha ya kwanza. Kwa mtu mzima mjini ni urahisi. Kwa mtoto aliye mbio, mkanyago mmoja wa ziada unaweza kumshusha hadi gia ya kwanza na gurudumu la nyuma likakamata. Muulize muuzaji kabla hujalipa, kisha ijaribu mwenyewe stendini.

Binti wa Mtwapa aliondoka jioni ile gia zote nne zikiingia, baridi na moto, na babake hakulipia chochote cha ndani ya injini. Wiki iliyopita wamerudi. Gia inakataa tena, akaniambia, lakini ya kupanda tu. Nikamtazama miguuni: viatu vipya, namba mbili juu ya vile vya kwanza. Nikachukua spana namba 10, nikaipandisha leva jino moja, nikamwambia apande ajaribu.