Nzi wa Kuvulia Trauti: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu akisikia kwamba kuna watu wanaokaa mezani na jiriwa ndogo, uzi na manyoya ya kuku wakifunga kwenye ndoano mdudu bandia, aitwaye nzi, wa kumdanganya trauti, samaki wa mito ya maji baridi, kwanza hucheka. Kisha hukueleza aliyoyasikia, na mengi si kweli.

“Huo ni mchezo wa Waingereza.” Waingereza waliukuza, hilo halina ubishi, lakini hawakuuanzisha. Kwenye miaka ya 200 BK, mwandishi Aelian wa Roma alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua mtoni: walizungushia ndoano sufu nyekundu, wakaongezea manyoya mawili ya jogoo, yale ya chini ya kidevu, yenye rangi kama ya nta. Wajapani wa milimani nao wana nzi wao, kebari, na wengi wao wamefungwa manyoya yakielekea mbele badala ya nyuma.

Hata kusema kwamba Afrika Mashariki hatufungi nzi ni kukosea. Kenya imefunga nzi wa kuuzwa ng'ambo kwa miongo mingi, kwa hiyo mvuvi wa Ulaya akifungua kiboksi chake huenda ameshika kazi ya vidole vya Mkenya. Mgeni ni trauti mwenyewe: mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, yakapelekwa mto Gura, huko Aberdare.

“Nzi mzuri ni yule anayefanana kabisa na mdudu.” Hii ndiyo inayowapoteza wengi. Trauti hukaa mkondoni akisubiri maji yamletee chakula, na hana muda wa kukagua. Anachopata kuona ni ukubwa, umbo na mwendo. Mtazame Partridge and Orange, nzi wa zamani wa mito ya kaskazini mwa Uingereza. Kiwiliwili chake ni uzi wa hariri wa rangi ya chungwa, tabaka moja jembamba tu. Mbele kuna nyoya moja la kwale lenye madoadoa, limezungushwa mara mbili, basi. Hana mbawa wala macho. Akiwa mkavu mkononi utadhani ni kazi iliyoachwa njiani. Mtie majini uone: zile nyuzi za nyoya hufunguka, hujikunja, hufunguka tena kila mkondo unapozigusa. Mdudu wa plastiki aliyechorwa hadi kope hawezi hilo.

Frank Sawyer, aliyekuwa mtunzaji wa mto Avon huko Wiltshire, aliwachunguza tunutu, wadudu wachanga wanaoishi majini, wakiogelea akaona kwamba huibana miguu yao mwilini. Ndiyo maana nzi wake maarufu, Pheasant Tail, hana miguu. Uzi pia hana! Sawyer alitumia nyuzi za nyoya la mkia wa ndege aitwaye fezanti na waya mwembamba wa shaba. Waya huo ndio unaofunga, ndio unaomzamisha, na ndio unaong'aa kidogo kati ya manyoya. Wanaouzwa leo kwa jina hilo wamevishwa miguu, nyoya la tausi na shanga kichwani. Wanavua, sikatai, ila si wa Sawyer.

“Nyoya lolote la kuku linafaa.” Halifai. La shingoni mwa jogoo ni gumu na halinywi maji upesi, hivyo humshikilia nzi juu ya maji. La mtetea ni laini na hulowa, nalo ni la nzi wa kuzama. Ukibadilisha, nzi wako wa kuelea atazama baada ya kurushwa mara chache. Marekani wapo majogoo wanaofugwa kwa kuchaguliwa kizazi hadi kizazi ili watoe manyoya marefu, membamba. Mwaka 2011 wanawake walipoanza kuyavaa kichwani kama urembo, wavuvi waliyakosa madukani.

Wapo pia wanaoamini lazima upate ndege adimu. Hao wanachanganya nzi wa trauti na nzi wa samoni wa enzi ya Malkia Victoria, waliopambwa kama maharusi kwa manyoya ya ndege adimu. Tamaa ya manyoya hayo ilimfanya mfungaji mmoja aibe ngozi 299 za ndege katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, mwaka 2009. Trauti anatosheka na kwale, kuku na sungura.

“Ukijaza zaidi, samaki atamwona vizuri.” Anayeanza hujaza manyoya hadi kwenye tundu la ndoano, halafu anakosa pa kumalizia fundo, na mtoni mshipi haupenyi. Kabla hujazungusha nyoya, acha nafasi tupu nyuma ya tundu, upana wake uwe kama tundu lenyewe. Ukiwa umeshajaza, usihangaike kubana kwa gundi. Kata vyote kwa wembe, ndoano bado ni nzima, uanze upya.