"Late": lini ni kuchelewa, lini ni marehemu

Kivumishi cha Kiingereza "late" kinabeba maana mbili zisizohusiana kwa urahisi: aliyechelewa na aliyefariki. Maana hujulikana kwa mahali neno lilipokaa.

Likikaa baada ya kitenzi, ni kuchelewa: "The bus is late." Likitangulia kitu, bado ni kuchelewa: "late payment" ni malipo yaliyopitisha tarehe. Likitangulia mtu, na kabla yake kuna "the", "my" au "her", hapo ni marehemu: "my late father", "the late Daniel arap Moi".

Ndiyo maana ukimwambia Mwingereza "My father is late", atakuuliza mzee anafika saa ngapi. Afrika Mashariki na Afrika Kusini wengi husema hivyo wakimaanisha amefariki, na wanaelewana vizuri. Ila kwenye fomu za viza, bima au mirathi usibahatishe. Andika "My father is deceased", au taja mwaka: "My father died in 2019."

Kosa kubwa zaidi liko kwenye wasifu unaosomwa msibani. Kiswahili kinaruhusu "marehemu" kusimama peke yake: marehemu alikuwa mwalimu. Tafsiri ya moja kwa moja, "The late was a teacher", si Kiingereza sanifu, kwa sababu "late" hudai nomino nyuma yake: "The late chairman was a teacher." Kama hutaki kutaja jina wala cheo, tumia "the deceased", ingawa neno hilo lina harufu ya polisi na mahakama. Mbele ya wafiwa, jina lake tu linatosha, kisha "he" au "she".

Usichanganye "late" na "former". "The former president" ameondoka madarakani. "The late president" ameondoka duniani. Ukimwandika rais mstaafu "late" ilhali anakula pensheni yake, umemzika mzima.

Neno "late" halina kikomo cha miaka, lakini hutumika kwa waliofariki miaka ya karibuni, ambao msomaji huenda hajui kama wangalipo. Hakuna anayeandika "the late Shakespeare". Tena halipendezi panaposimuliwa jambo alilofanya mtu akiwa hai: Nyerere alifariki 1999, hivyo katika habari ya Azimio la Arusha la 1967 andika "Nyerere" tu.

Kwa umri na miaka, maana yake ni sehemu ya mwisho. "In her late forties" ni mwanamke wa takriban miaka 47 hadi 49.

Kielezi chake ni "late" vilevile: "He came late." "Lately" ni kitu kingine, siku hizi za karibuni: "Have you seen her lately?" Nayo "latest" ni ya sasa kabisa, si ya mwisho. Mwandishi akisifiwa kwa "latest book" anaweza kutoa nyingine mwakani. "Last book" huweza kueleweka kwamba hataandika tena.