Klabu ya wasichana si kupoteza muda

Binti akiaga anakwenda shule, mzazi hana neno. Akiomba kwenda klabu ya vijana jioni, maswali yanaanza: nani yuko huko, mnafanya nini, na vyombo ataosha nani? (Nasema klabu, si kilabu cha pombe.) Maswali ni ya haki, na majibu yapo.

Mwaka 2008 BRAC, shirika la maendeleo lenye asili ya Bangladesh, lilianzisha Uganda klabu za wasichana wa miaka 14 hadi 20, wanaosoma na walioacha shule. Zilikuwa wazi siku 5 kwa wiki, alasiri, chini ya dada wa hapohapo aliyewazidi umri kidogo. Walicheza, wakajifunza ushonaji, ususi na ufugaji wa kuku, na wakazungumza bila kificho kuhusu hedhi, mimba na ndoa.

Baada ya miaka 4 watafiti waliwalinganisha wasichana wa maeneo yenye klabu na wa maeneo yasiyo na klabu. Penye klabu, wasichana waliojiajiri walikuwa wengi zaidi. Mimba za utotoni, ndoa za mapema na kulazimishwa ngono vilikuwa vimepungua sana. Na hesabu hiyo ilijumlisha wasichana wa eneo zima, ingawa waliojiunga walikuwa kama mmoja tu kati ya watano.

Sierra Leone ilipopigwa na Ebola mwaka 2014, shule zilifungwa. Katika vijiji vilivyoathirika zaidi wasichana wakawa na muda mwingi na wanaume, mimba zikaongezeka, na shule zilipofunguliwa wengi hawakurudi. Palipokuwa na klabu kama hizo za BRAC, madhara hayo yalipungua mno.

Hapa Tanzania mpango huohuo haukuleta mabadiliko ya kutajika, isipokuwa pale ulipounganishwa na huduma za fedha, ambapo akiba iliongezeka. Mafunzo yalikuwa yale yale. Kilichopungua ni fedha, na klabu zilihangaika kupata pa kukutania. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha jambo: msichana hufaidika kwa kuwa na mahali salama pa kwenda kila siku, na dada mkubwa wa kumuuliza asiyothubutu kumuuliza mama.

Kwa hiyo mtaani kwenu ikitangazwa klabu, usianze na ratiba ya mafunzo. Muulize mwenyekiti chumba ni cha nani, funguo anakaa nazo nani, na mvua ikinyesha mabinti watakaa wapi.