Wi-Fi Si Kifupi cha Chochote

Nikiwa juu ya ngazi kule mtaa wa Umoja, Nairobi, natoboa ukuta nipitishe waya wa faiba, nikamsikia mwenye nyumba akimfundisha mwanawe: "Wi-Fi ni kifupi cha Wireless Fidelity." Mara ya nne mwezi huu. Nikashuka.

Wi-Fi si kifupi cha kitu chochote. Ni jina la biashara tu, kama jina la sabuni. Hebu itafsiri hiyo Wireless Fidelity uone: uaminifu usio na waya. Huo ni mtandao ama ni ndoa?

Mwaka 1999 kampuni kadhaa za vifaa ziliunda muungano ulioitwa WECA, ili kifaa cha kampuni moja kielewane na cha nyingine bila waya. Teknolojia yenyewe ilijulikana kama IEEE 802.11b. Sasa nani angeingia dukani Luthuli Avenue, kule Nairobi kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, aulizie 802.11b? Wakawaendea Interbrand, mabingwa wa kubuni majina, waliobuni pia Compaq na Prozac. Katika majina waliyopewa wakachagua Wi-Fi, kwa kuwa lina kina kimoja na Hi-Fi, neno walilolizoea wanunuzi wa redio na spika.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Hi-Fi kweli ni kifupi, High Fidelity, basi wanadhani na mdogo wake lazima awe na jina refu nyumbani. Tena hata wanachama wa muungano wenyewe hawakutulia. Baadhi yao waliona jina lisilo na maelezo ni aibu, wakalibandikia kaulimbiu: "The Standard for Wireless Fidelity." Jina lilitangulia, maelezo yakatafutwa baadaye. Phil Belanger, mmoja wa waanzilishi, amelieleza hili waziwazi. Kaulimbiu iliachwa, na mwaka 2002 muungano ukajiita Wi-Fi Alliance, lakini maneno yalishatoka. Kwa hiyo wabishi hawakuota. Walirithi kosa la wenye mali. Mzee wa Umoja alinisikiliza, akasema, "Lakini Wi si wireless?" Mzee wangu, inakukumbusha wireless. Basi.

Mengine ni ya haraka. "Wi-Fi imeisha" si lugha. Wi-Fi ni mawimbi kati ya simu yako na ruta. Intaneti inaingia kwa faiba. Wachimba barabara wakikata faiba, vile vistari vya Wi-Fi kwenye simu yako vitajaa vilevile na hutafungua hata picha. Kabla ya kunipigia saa nne usiku, tazama taa ya LOS kwenye ruta. Ikiwaka nyekundu, mawasiliano ya faiba yamepotea. Hicho, sasa, ni kifupi halisi: loss of signal.

Ile 5G mwishoni mwa jina la mtandao wa nyumbani ni gigahezi 5, masafa ya redio. G ya 5G ya simu ni generation, yaani kizazi. Hazihusiani.

Na SIM haikutokana na simu. Ni Subscriber Identity Module, nazo kadi za kwanza zilitoka mwaka 1991. Simu tulilipata zamani kutoka Kiajemi, likiwa na maana ya waya.

Halafu, tafadhali, toeni ruta nyuma ya televisheni. Gigahezi 5 haipendi kuta za mawe, na nyinyi mnaiongezea televisheni ya inchi 55.