Injini Ndogo, Mizunguko Mingi: Yanayosemwa Gereji na Ukweli Wake

Mwenye Corolla KE30 au Datsun 1200 hapa Mbeya akitaka gari "lipae", cha kwanza kuulizia sokoni Mwanjelwa ni kabureta kubwa, cha pili eksozi ya kelele. Konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), haulizii kabisa, na ndizo zitakazotoboa bloku.

"Injini za zamani haziwezi mizunguko mingi."
Kwa 3K, injini ya Corolla, hapana. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 75 na pistoni husafiri milimita 66 tu, kwa hiyo hata kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika mwendo wake wa wastani ni mita 16.5 kwa sekunde. Mini Cooper S ya cc 1275, iliyoshinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1965 na 1967, pistoni yake husafiri milimita 81.3, kwa mizunguko hiyohiyo inapita mita 20.

Kinachoua ni mvuto kwenye boliti za konrodi. Ukitoka mizunguko 6,000 hadi 7,500 umeongeza robo tu, lakini mvuto umepanda kwa asilimia 56, maana unafuata mraba wa mizunguko. Ndiyo maana boliti zilizokwisha kutumika hazirudishwi, hata nyuzi zikionekana nzima. Konrodi zote nne zipimwe kwenye mizani hadi zilingane, na kranki ifanyiwe balansi pamoja na flaiwili na presha pleti. Kazi hii haina picha ya kurusha WhatsApp, ndiyo sababu wengi huiruka.

"Injini ikigoma kupanda mizunguko, iongeze petroli."
Mara nyingi tatizo ni springi za valvu zilizochoka: valvu haiwahi kufunga kabla kamshafti, shafti inayofungua valvu, haijaisukuma tena. Weka springi ngumu zaidi, ila kwa kiasi. Zikizidi zinakula kamshafti.

"Kabureta kubwa ndiyo nguvu."
Ikizidi injini, hewa hupita polepole, petroli haichanganyiki vizuri, na gari linakuwa zito mizunguko ikiwa chini. Huku kwetu kuna jambo la ziada. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Jeti (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) zilizopimwa Dar es Salaam zitamwaga petroli kupita kiasi hapa: plagi nyeusi, na petroli inayoosha oili kwenye kuta za silinda. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Injini iliyopimwa vizuri Mbeya, ukiishusha mlima Kitonga kuelekea pwani na jeti zilezile, inapata petroli pungufu, inagonga, na pistoni inaweza kuungua. Safari ya Dar ina jeti zake. Beba seti ya pili.

"Ng'oa themostati, injini isichemshe."
Themostati ni valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Ushauri huu nausikia hata kwa mafundi ninaowaheshimu. Baridi ya Julai Uyole, injini isiyo na themostati haifiki joto lake, oili inabaki nzito na petroli inapenya hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kama inachemsha, angalia rejeta na mfuniko wake. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo mfuniko usioshika presha unaumiza Mbeya mapema kuliko pwani.

"Geji ya oili ikiwa juu, uko salama."
Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Sekunde chache zinatosha kuharibu beringi. Chomelea vizuizi ndani ya sampu kabla ya kununua pampu kubwa.